Krimu ya Mume

Muuza dawa wa pale kona huongea chinichini hata akiuza dawa ya kikohozi. Kwa anayenunua krimu ya fangasi, yeye huchora duara juu ya boksi, kisha duara kubwa zaidi kulizunguka, na kugonga kwa peni kati ya mistari miwili: upake mpaka huku nje, na ikipotea usiache, endelea wiki mbili. Kucha amezikata mpaka kwenye nyama. Miwani hukaa kwenye paji la uso, na haishuki ila kwa ugonjwa.

Msusi aliingia na gauni la mikono mirefu siku ya joto kali. Nyuma yake akajipanga mteja wake wa saa nane, yule mwenye domo. "Nipe krimu ya fangasi, ni ya mume wangu," msusi alisema, mkono ameubana tumboni. "Alipaka siku nne, ikafutika, akaacha. Sasa imerudi na ndugu zake." Miwani ikashuka. Muuza dawa hakuomba kuona kitu. Alimtazama usoni, macho yakateremka mpaka kwenye mkono wa gauni uliolowa mafuta ya nywele, yakatua hapo, na msusi akahisi jasho likimwasha juu ya choa asithubutu kujikuna.

"Shoga, unaumwa?" aliuliza yule wa nyuma.

Peni ilichora duara, ikachora la pili, ikagonga. Kisha muuza dawa akainama juu ya kaunta.

"Mpe pole mumeo," alinong'ona. "Na umwambie asisuke kichwa cha mtu mpaka apone."