Njia Safi Katikati ya Visiki

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Hii sikuambiwa na mtu. Ni mimi mwenyewe, na miguu hii unayoiona, na hili kovu la goti sikulipata kwa kupiga magoti kanisani. Mimi sijasoma. Hata jina langu siwezi kuliandika. Sasa uongo mrefu hivi ningeutunga niuweke wapi?

Juzi mjukuu wangu amekuja na viatu vipya vya kupanda milima, ametoa kifua kama jogoo. "Shosho, Jumamosi tunaenda kutembea msituni na maboyz. Kuna pahali miti ilikatwa yote, lakini njia yake ni safi, hata haina matope." Nikamuuliza, hiyo njia inasafishwa na nani? "Ah, shosho, si ni njia tu." Nikamwambia vua viatu, kaa chini. Na wewe kaa.

Ilikuwa miaka ya sabini, tukikaa Kariobangi. Nilikuwa na mtoto mchanga, Mwangi, bado ananyonya, hajui hata uji. Siku za kuni nilikuwa namwacha kwa jirani yangu, Mama Zainabu, mama wa Kiislamu aliyenihurumia tangu nihamie pale. Na mimi shukrani yangu ilikuwa kumchokoza. Nikirudi sibishi hodi. Nasimama nje napiga kelele, "Mama Zainabu, toa mtoto kabla hujampika na nazi." Naye hunijibu huko ndani, "Nimeshakula paja moja, umechelewa." Hivyo ndivyo tulivyokuwa, kila siku.

Kuni tulikuwa tunatoa ng'ambo ya mto, kwa shamba la miti ya bluugamu la tajiri mmoja. Miti ilikuwa imekatwa yote kwa mashine. Magogo mengi yakaenda, vikabaki visiki vyeupe mpaka macho yanachoka, na matawi chini kila mahali. Matawi tuliruhusiwa kuokota. Njia yetu ya kupita huko, nikwambie ukweli, ilikuwa mbaya. Trekta lilikuwa linaburuta magogo juu yake, linaacha mitaro ya matope ya kukufika magotini, na yale maganda ya bluugamu yakilowa yanateleza kama sabuni. Nani angeitengeneza? Tajiri hapiti hapo. Basi tulijitengenezea wenyewe. Kila mama anayepita lazima aondoe kitu kimoja. Tawi, unalivuta kando. Shimo, unatia jiwe. Haupiti bure. Kwa hivyo njia yetu ungeijua tu. Ina nyayo, ina alama za panga, ina kigunzi cha mahindi cha mtu alikula akitembea. Ilikuwa mbaya, lakini ya watu.

Kulikuwa na askari wa shamba, mzee wa kutafuna tumbaku, anaongea kama ana viazi moto mdomoni. "Nyinyi akina mama, njia yenu ni ile mbovu. Mkiona nyingine nzuri, si mimi nimeitengeneza. Na si tajiri." Anatema mate. Sisi tunacheka. Nilikuwa namwiga mpaka Wambui anaketi chini kwa kicheko.

Wambui ndiye rafiki yangu. Sauti ya puani, na haka katabia kamoja: hangoji umalize kusema. Ukianza, "Wambui, jana nime..." yeye ameshaingia, "Nyamaza wewe, jana ulifanya nini zaidi ya kulala." Kila neno lazima alirukie kabla halijatua.

Siku hiyo ilikuwa ile baridi ya Julai. Tulichelewa, ukungu ukashuka na mapema. Tumebeba mizigo, kamba iko kwa kipaji cha uso, shingo imeinama, mimi mbele, Wambui nyuma. Maziwa yalikuwa yamenijaa mpaka blausi imelowa. Mtoto ana njaa, najua. Kitu nilikuwa nataka duniani ni kufika tu.

Tukafika pahali trekta limeharibu njia kabisa, magogo mawili yamelala katikati ya matope. Na hapo kando, naona njia nyingine. Safi. Imefagiwa. Matawi yamepangwa kando kama mtu anangoja wageni, na pahali pa matope pamelazwa kuni, unapita juu kama daraja. Nikasimama. Nikasikia sauti ya Wambui nyuma yangu, "Tupite hapa. Hapa ni pazuri."

Tukapita. Ungefanya nini, na maziwa yanakudondoka?

Mwanzo nilifurahi, miguu haichomwi. Nikaanza domo langu. "Wambui, kesho nitamwambia yule mzee wa tumbaku kwamba tajiri ametutengenezea barabara, na akikataa nitamwambia hiyo tumbaku imemla akili." Halafu kimya. Halafu sauti ya Wambui, polepole, "Ndiyo. Utamwambia."

Niamini, mwili ulisimama kabla ya miguu. Alikuwa amengoja nimalize.

Nikajaribu tena. "Wambui, unajua ile siku ya harusi ya dada yako, wakati..." Nikaacha hapo makusudi. Wambui ninayemjua angekuwa ameshayarukia maneno yote. Huyu alingoja. Nasikia ukungu unadondoka kwenye visiki, na yeye anangoja. Halafu akasema, "Malizia. Nakusikiliza."

Mimi naiga watu tangu utoto. Najua kazi yake. Sauti ya mtu unaweza kuichukua kwa siku moja, lakini tabia yake inakushinda. Huyu alikuwa amechukua sauti peke yake.

Sikugeuka. Niliangalia chini, nione pa kukanyaga, na hapo ndipo nikaona ile njia vizuri. Hakuna unyayo hata mmoja. Na zile kuni zilizolazwa kwa matope hazikuwa kuni za kutawanywa. Zilikuwa mizigo. Mizigo ya akina mama, imefungwa vile tunavyofunga sisi, mingine imeoza, mingine bado mibichi, na kamba zake za kichwani bado ziko. Na ule mzigo wa mbele yangu, niliokuwa karibu kukanyaga, kamba yake ilikuwa ya tyubu ya baiskeli, imeshonwa kitambaa chekundu cha nguo kuukuu. Kamba ya Wambui. Nilikaa naye akiishona.

Kama mzigo wa Wambui uko hapa mbele, aliye nyuma amebeba nini?

Nikageuza macho, si kichwa. Nikaona mtu kwenye ukungu, umbo la Wambui, na mzigo mgongoni. Lakini shingo imesimama wima kama ya bibi harusi. Mwenye kuni hasimami hivyo. Uso sikuuona na sikuutafuta.

Nikatupa mzigo wangu palepale, nikatoka kwenye njia, nikaingia visikini. Matawi yananirarua, naanguka, nainuka. Goti hili lilipasuliwa na kisiki. Na nyuma yangu ile sauti, bila haraka, "Mama Mwangi, unaumia bure. Njia ni huku. Nimekusafishia."

Halafu ikanyamaza. Ikanyamaza muda, mpaka nikadhani imeniacha. Halafu nikasikia mtoto analia.

Alikuwa Mwangi. Kile kilio chake cha njaa, kinachoanza chini halafu kinapanda kinakatika. Kinatoka kule kwa njia safi. Nilisimama. Unanisikia? Niligeuka kabisa, mguu mmoja umeshaanza kurudi. Mama gani angeendelea?

Lakini wewe kama umenyonyesha unajua. Mtoto wako akilia, maziwa yanakimbia yenyewe, hayakuulizi. Hata awe nyumba ya tatu. Nikashika kifua. Yalikuwa yametulia. Yamejaa, yanauma, lakini yametulia kabisa, kama hakuna kitu kimelia. Nikasema kwa sauti, "Huyo si wangu." Nikaendelea na visiki nikilia mimi sasa, na kile kilio kinanifuata kando, mpaka nikakanyaga matope ya trekta na kigunzi cha mahindi. Sijawahi kupenda matope hivyo.

Nilifika nyumbani giza linaingia. Wambui alikuwa kwa mlango wa Mama Zainabu. Aliponiona akarudi nyuma. "Usinikaribie. Nitukane kwanza."

"Nikutukane nini, wewe puani kama..."

"Ni yeye," akasema, akaketi chini.

Kumbe kule penye magogo alisikia sauti yangu nyuma yake, kwenye ukungu. "Wambui, tua mzigo turudi nyumbani." Akatua. Akatembea njia nzima mpaka Kariobangi akisikia naongea nyuma yake. Sauti ikamfuata hadi mlangoni, ikasema, "Dada, naomba mtoto wangu, tafadhali." Mwangi akaamka ndani akalia. Wambui alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Na Mama Zainabu? Alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo, mtoto kifuani, tasbihi mkononi. Alipofungua aliniangalia muda mrefu. "Wallahi, mkono ulikuwa tayari kwa komeo. Sauti ni yako, kila kitu chako. Lakini nikajiuliza, huyu tangu lini ananiita dada? Tangu lini anaomba?"

Nikamchukua Mwangi. Alipolia tu, maziwa yakanilowesha mpaka tumboni.

Hatukurudi huko, na hatukujua mizigo mingine ilikuwa ya nani. Mimi na Wambui hatukuwahi tena kutembea mmoja mbele mmoja nyuma. Siku hizi anakaa Komarock kwa kijana wake, na nikimpigia simu namtukana kabla ya salamu. Nawaiga watu wote, unanijua, hata padri. Wambui simwigi.

Mjukuu wangu nimemwambia hivi, na wewe shika. Pahali miti imekatwa, njia lazima iwe mbaya kidogo. Tafuta unyayo, tafuta takataka ya mtu. Ukikuta imefagiwa na huoni aliyefagia, pita visikini, viatu viharibike.

Na siku moja ukisikia mimi niko mlangoni kwako, nabisha taratibu, nakuomba kwa adabu, nangoja umalize kusema, usifungue.