Mama Kabula Wawili na Mzani wa Pamba

Asubuhi ile Minza usingemwambia kitu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipima pamba kwenye kiwanda kimoja nje ya mji wa Bariadi, kwa kompyuta kuukuu inayoendeshwa na programu ya Linux, aliyojifunza mwenyewe, kitabu mkononi. Lori likipanda mzani, waya wa siriali unaotoka mzanini huleta kilo kwenye skrini ya kompyuta. Sasa siku ya nne skrini inaganda ghafla, dereva anapiga honi, na Joakim wa ofisi kuu yuko njiani na kompyuta mpya. Akiikuta hii imegoma, Minza anahamishiwa stoo ya marobota. Stoo! Afadhali arudi kijijini kwao Sola akalime.

Waya alishabadilisha. Vumbi la pamba alishafuta. Wapi!

“Dada Minza, hilo dude lizikwe tu,” akacheka Novatus, karani wa chumba cha pili.

“Utaanza wewe.”

Saa nne akatoka mlangoni kuomba chai. “Mama Kabula!”

Mpishi na mfagiaji waliokuwa uani wote wana mtoto Kabula nyumbani, kifungua mimba. Wakainua vichwa, kila mmoja akadhani ameitwa mwenzake, wakainama tena. Minza mwenyewe hakujaliwa mtoto, kwa hiyo wote walimwita Minza au Dada Minza tu. Hakulalamika, ila jina hilo tupu lilikuwa likimchoma.

Chai haikuja. Minza akawatazama wale wawili wenye jina moja, halafu akapiga makofi. “Loo! Ndiyo hiyo!”

Kitabu kilisema kila kifaa huiita kompyuta kwa namba yake, na poti, yaani tundu la kuchomekea kifaa, ya kwanza na ya tatu huzaliwa na namba ileile, nne; zikiita pamoja, kompyuta haijui imwitikie nani, inaganda. Mzani uko poti ya kwanza. Ya tatu je?

“Novatus! Umechomeka nini kwenye mashine yangu?”

“Ile kadi ya modemu ya kabatini. Jumatatu intaneti ilikatika, nikaona nitume ripoti kwa simu ya mezani kupitia mashine yako, nikiwa hukuhuku chumbani kwangu. Kitu kidogo tu.”

“Kidogo! Na kila ukituma, mzani wangu unaganda!”

Akazima mashine, akafungua boksi, akachomoa kadi. Kile kipande kidogo kinachobana pini akakihamisha kutoka nne kwenda tano, akarudisha kadi, akawasha, akaiandikia Linux namba mpya.

Lori la pamba kutoka Dutwa likapanda mzani. “Novatus, tuma ripoti. Sasa hivi!”

Modemu ikapiga mayowe yake. Kilo zikaja, elfu kumi na moja mia tatu arobaini, zikatulia. Minza akacheka mpaka akafuta machozi.

Joakim alikuwa mlangoni na boksi lake la kompyuta mpya, ameona yote. “Mzani huu unasimamiwa na nani?”

Novatus akajikuna kichwa, kisha akaita kwa sauti, “Mama Mzani! Unaulizwa huku.”

Uani hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Minza akageuka peke yake, akaitika, “Abee.”

Boksi la Joakim ndilo lililokwenda stoo.