Faida Aacha Ukalimani

Tangu ana miaka minane, Faida ndiye alikuwa msemaji wa mtaa. Wakongomani wa Merrylands, huko Sydney, walikuwa wakimwazima kwa mama yake, Nicole, kama watu wanavyoazimana sufuria: leo hospitali, kesho shuleni, keshokutwa kwa mwenye nyumba. "Faida, njoo utusemee." Na mtoto wa watu anakwenda, anasema. Basi alipomaliza sheria na kuapishwa kuwa wakili, au avoka kama wasemavyo Wakongomani, wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani yao, Papa Dieudonné.

Shida yake ilikuwa hii: aliomba paa linalovuja litengenezwe, jibu alilopewa ni notisi ya kuhama. Ana watoto wanne, shule yao iko hapo hapo, na yeye mwenyewe ni mbeba mizigo wa zamu kwenye ghala. Ahamie wapi, jamani, Sydney hii ya kodi za kutoa watu machozi?

Faida alikuwa ameajiriwa Cabramatta, katika ofisi ya wakili Ximena Arriagada Soto, Mchile mwenye majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na ole wako uliache la mama. Mfupi, sauti kubwa, Kiingereza chake kimejaa Kihispania na wala hakifichi mbele ya hakimu yeyote. Faida alimpenda na kumwogopa.

Siku ya shauri walikwenda wote watatu, Faida na Papa mbele, Ximena akikaa nyuma kutazama tu. Mwamuzi akamtazama Faida, akauliza, "Wewe ndiye mkalimani?"

"Hapana. Mimi ni wakili wake."

Vizuri! Lakini mazoea yana tabu. Mkalimani rasmi alikuwepo, Mkenya aitwaye Jerotich, ameketi na kazi yake. Papa Dieudonné akamvuta Faida mkono: "Wanasema nini?" Hee, basi tena! Faida akamtafsiria Papa, akamsahihisha Jerotich, akarudi kumtafsiria mwamuzi, huku wakili wa mwenye nyumba akimwaga maneno yake bila wa kumpinga. Hoja hata moja Faida hakutoa. Kilichomwokoa ni kwamba upande wa pili haukuwa umeleta karatasi zake, shauri likaahirishwa.

Ofisini alilia. "Sifai. Papa atatupwa nje kwa ajili yangu. Mpe mtu mwingine."

"Mija," akasema Ximena, maana ndivyo kwao wanavyomwita binti wanayempenda, "mimi siku yangu ya kwanza nilimtafsiria kila mtu humo ndani. Nilizoea. Mama yangu hakuenda benki wala kwa daktari bila mimi. Mzee mmoja wa Uruguay, wakili aliyenilea kikazi, akaniuliza: mteja wako mkalimani anaye, wakili wake yuko wapi?"

Faida akafuta kamasi.

"Sasa nakuuliza wewe."

Wiki nzima wakafanya mazoezi. Ximena alijifanya Papa Dieudonné, akamvuta Faida mkono, akalalamika kwa Kihispania, akalia machozi ya uongo, na Faida haruhusiwi kugeuka. Walicheka mpaka wenye duka la jirani wakagonga ukuta.

Siku ikafika. Na kweli, Papa akavuta mkono. "Faida, anasema nini?"

Roho ilimuuma. Kwao mkubwa hasemi nawe ukamgeuzia mgongo. "Samahani, Papa, mama huyu atakuambia yote," akamwambia, akimwonyesha Jerotich. Kisha akasimama. Akasema Papa aliomba paa Jumatatu, notisi ikaja Alhamisi. Mpangaji aliyekaa miaka mitano bila lawama alikosa nini Jumanne na Jumatano? Wakili wa upande wa pili akapinga. Faida akamjibu, kwa lafudhi yake ile ile ya nyumbani. Mwamuzi akaifuta notisi, na paa akaamuru litengenezwe.

Nje, Papa Dieudonné alimpigia mkewe, Généreuse, akipiga kelele barabarani kama yuko peke yake. "Tunabaki! Tunabaki, mama!"

Simu ilisikika mpaka kwa Faida. "Nani alitusemea? Mtoto wa Nicole?"

"Hapana!" Papa alikasirika kabisa. "Si wa kutusemea tena, huyu. Ni avoka wetu!"

Ximena, asiyejua Kiswahili hata neno moja, akamgusa Faida begani. "Anasema nini?"

Faida akafungua mdomo atafsiri, kisha akacheka. "Muulize mkalimani."