Siku Mto Uliporudi Nyuma

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona kama viatu vyangu vimelowa tena.

Unaiona nyumba hii ya ghorofa hapa Tanga. Nimeijenga kwa jasho langu. Diploma yangu ya upimaji ardhi nimeitundika sebuleni ili kila mgeni aione, wala sioni haya. Niliipata London huku nikibeba mizigo kwenye ghala la mtaa wa Hayes, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Lakini diploma hiyo ilikuwa na wiki tatu tu tangu niipate iliponivua nguo mbele ya watu.

Ilikuwa miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki wakifika London kwa wingi. Jirani yangu, Bwana Ratilal, alikuwa ameacha duka la vitambaa Kisumu na kuanza upya na kiduka cha magazeti. Mama yake alifariki katika baridi yao ya kwanza. Aliacha wosia mmoja tu: majivu yake yatiwe kwenye maji yanayokwenda baharini, kwa kuwa bahari zote zimeungana, nazo zitamfikisha kwao India. Bwana Ratilal alikuwa mtu wa ziwani. Akaniuliza mimi, mtoto wa pwani, tena msomi.

Nilijua mahali. Magharibi ya London, kando ya mto Thames, kuna kijiji cha kale ambacho jiji limekizunguka bila kukimeza. Nilikuwa nimeazima maktabani kitabu cha historia yake. Basi nikamwongoza yeye na mkewe, Bi Savita, kama mwalimu na wanafunzi wake. Mnara huu wa kanisa una mamia ya miaka. Hapa wafalme walivushwa kwa mashua. Kwenye kile kisiwa walikata fito za kusukia vikapu.

"Na milango hii?" akauliza Bi Savita. "Mbona kila nyumba imeinuliwa hivi, na ngazi juu?"

"Maringo ya matajiri wa zamani, mama."

"Na mistari hii iliyochongwa ukutani mwa kanisa, kila mmoja na mwaka wake?"

"Mafundi walikuwa wakijaribu patasi zao."

Bwana Ratilal akacheka. "Savita, mwache mwenye diploma afanye kazi yake."

Kitabu hakikusema lolote kuhusu milango wala mistari, mwanangu. Lakini neno "sijui" lilikuwa zito kinywani mwangu.

Tukashuka ngazi za mawe hadi kwenye changarawe. Ngazi zilikuwa na utelezi wa kijani mpaka juu. Bi Savita aliutazama, kisha akanitazama mimi. Tukatembea hatua nyingi hadi mahali pa faragha chini ya ukuta mrefu. Mto ulikuwa umetulia. Nikanyoosha mkono kuelekea mjini: "Bahari iko kule. Mto huu unakwenda upande mmoja tu."

Bwana Ratilal akavua viatu, akashika chungu cha shaba chenye majivu kwa mikono miwili, akaanza dua. Mkewe akatupa ua la manjano majini. Ua likazunguka kidogo, kisha likaondoka, likielekea bara, kule lisikopaswa kwenda.

"Linarudi," Bi Savita akasema.

"Ni upepo tu, mama. Mzee, mwaga."

Hapakuwa na upepo. Nilijua hapakuwa na upepo. Chungu kikainama.

"Ngoja!" Bi Savita akakidaka kwa viganja vyote viwili. "Tazama miguu yako!"

Maji yalikuwa yamemfika mumewe vifundoni. Nyuma yetu changarawe tuliyopitia ilikuwa imefunikwa. Tukakimbia tumeshika ukuta, maji yakipanda hadi magotini, na baridi yake ilikuwa ya kukata. Bi Savita aliteleza mara mbili, nami nikamshika mkono. Bwana Ratilal alikuwa amekiinua chungu juu ya kichwa chake, akimwita mama yake kwa Kigujarati.

Tulipofika juu ya ngazi, tukageuka. Pale tulipokuwa tumesimama hapakuwapo tena. Nikaielewa milango. Nikaielewa mistari ya kanisani: kila mmoja ulikuwa kimo cha maji ya mafuriko ya mwaka wake.

"Kwenu Tanga maji hayajai?" Bwana Ratilal aliniuliza.

"Yanajaa, mzee."

"Na hayapwi?"

"Yanapwa."

"Mimi nilikuja na mtoto wa Tanga. Huyu mwenye diploma aliyeniambia nimwage, simjui."

 Tukakaa kwenye kizingiti cha kanisa, tumelowa, kwa muda wa saa nne na zaidi. Sikutazama kitabu. Nilitazama mashua zilizotia nanga, kama nilivyofanya utotoni. Zilipogeuza pua zote pamoja, nikasema kwa upole, "Sasa, mzee. Maji yanatoka." Bi Savita akatupa ua kwanza. Likaelekea baharini. Ndipo mumewe akamwaga, akalia, kisha akanishika bega.

Basi wewe unayefunga sanduku, sikia. Ukifika ugenini, ukiona mlango umeinuliwa, uliza kwa nini kabla ya kumweleza mwenzio. Usiache nyumbani ulichofundishwa na maji ya kwenu. Na mtu akikukabidhi kitu asichoweza kukipata tena, usimwambie amwage ili tu wewe usionekane umekosea.

Mola akufikishe salama, na kila atakayekuamini njiani arudi kwake na miguu mikavu.