Mkate wa Darasa la Nne B

Hidaya hawezi kutupa mkate. Ni mtu wa Pemba, kalelewa na bibi ambaye akikuta kipande cha mkate njiani hukiokota, akakibusu na kukiweka juu ya ukuta kisikanyagwe. Leo Hidaya ana miaka arubaini na kitu, anafanya usafi katika shule ya msingi huku Doha, upande wa Al Thumama, na hajabadilika. Mimi ndiye dereva wa basi la kampuni yao. Asubuhi nawapeleka kazini, jioni nawarudisha kambini, kwa hiyo haya nayajua.

Barua ya kwanza ya onyo aliipata kwa sababu ya njiwa. Aliwamwagia makombo juu ya paa la shule, wakachafua viyoyozi. Douglas, msimamizi wetu, kijana wa Kenya, akamwambia, "Mama Hidaya, kitu ikishaingia kwa pipa ni takataka. Usiguse. Barua ya pili ni tiketi ya kurudi nyumbani." Hidaya akatia saini. Binti yake Arafa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na anayemsomesha ni yeye peke yake.

Basi njiwa wa shuleni akaachana nao. Mkate ndio uliomshinda. Kila mapumziko yakiisha alivitoa vipande kwenye pipa la Darasa la Nne B, maana korido ile ni yake, akavitia kwenye mfuko wa nailoni na jioni kuvimwaga kiwanja kitupu nyuma ya kambi.

Muhula huu shule ikaanzisha mashindano. Watoto walibandika matone ya karatasi juu ya kila bomba ili watu wakumbuke kufunga, na maji yaliyobaki chupani wakayamimina kwenye pipa la buluu la kumwagilia miti. Mabaki ya chakula nayo yakawa yanapimwa kila siku, jumla inasomwa Alhamisi ukumbini. Darasa litakalotupa kidogo kuliko yote kwa wiki sita lingepelekwa kaskazini, pwani, kuwaona kasa.

Alhamisi ya mwisho nilikuwa ukumbini, naingiza katoni za sabuni. Madarasa mengine yalisomewa kilo saba, nane. Nne B, kilo mbili. Mwalimu wa mizani akakunja uso.

"Wiki sita, kilo mbili mbili tu? Mnakificha wapi chakula? Chooni?"

"Hatufichi!" akasema msichana mmoja, Lulwa. "Tunatupa pipani kama wengine!"

"Sasa anayekitoa ni nani, jini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Waongo! Nne B waongo!" Mudira, mkuu wa shule, akasimama. Akasema kama hakuna maelezo, Nne B inatoka mashindanoni na wazazi wao wataandikiwa. Watoto wawili wakaanza kulia.

Hidaya alikuwa mlangoni na mopu yake. Kakauka.

"Mzee Kassim," akaninong'oneza, "ni mimi."

"Nyamaza." Naona haya kuandika, lakini ndivyo nilivyomwambia. "Douglas yule pale. Watoto husahau."

"Wanaitwa waongo, Mzee."

"Na Arafa je?"

Akaiegemeza mopu ukutani, ikateleza, ikaanguka kwa kishindo, ukumbi mzima ukageuka. Akaenda mpaka mbele.

"Mkate nautoa mimi," akasema kwa Kiarabu alichojifunzia jikoni kwa watu. "Watoto hawana kosa."

Douglas akafumba macho.

"Unaupeleka wapi?" Mudira akauliza.

"Kwa ndege."

"Wa leo uko wapi?"

Hidaya akautoa mfuko kwenye toroli lake. Ukapimwa, kilo moja. Mwalimu akapiga hesabu ya siku zote, na Nne B, iliyokuwa ya kwanza, ikawa ya tatu. Lulwa akamkazia macho, mashavu yamelowa.

"Bora ungenyamaza, aunti."

Siku ile barua haikuja. Ijumaa na Jumamosi, Zainabu anayelala naye chumba kimoja aliniambia, Hidaya alishinda akizikunja nguo zake, akizikunjua.

Jumapili alfajiri Douglas akasimama mlangoni pa basi kusoma majina, kila mtu na kituo chake cha wiki.

"Shule: Zainabu, Velma, Milka, Charity."

Hidaya hamo. Wakasomwa wa Pearl, kwenye majumba ya kifahari, watatu, hamo. Mkono wake ulikuwa umeung'ang'ania mkoba.

"Lusail, ofisi, ghorofa ya tisa: Hidaya."

Hakusogea. "Na barua?"

"Mudira amekataa kuandika malalamiko," Douglas akasema kwa sauti ya chini. "Bila hayo siwezi kukupa barua. Lakini shuleni nimekutoa mimi mwenyewe, kabla hujanifukuzisha kazi na mimi. Huko hakuna watoto, hakuna mkate. Ni kapeti tu."

Hidaya akapanda, akakaa nyuma yangu, akashusha pumzi ndefu.

"Douglas, mdogo wangu. Hao watu wa ofisini hawali?"

"Mama Hidaya!"

Nikawasha gari.