Mama Kando ya Mashine ya Kufulia

Juzi bosi alinituma kusini mwa Jeddah kuchukua tairi, nikapitia Karantina. Mtaa wetu haupo tena. Umevunjwa wote, umebaki uwanja wa kokoto, nami nikaegesha gari na kulia. Usinicheke, rafiki yangu, ningekuwa na wewe pale tungelia wote.

Hapo ndipo nilipolelewa na shangazi. Sisi watoto tusio na ikama, kile kibali cha kuishi, hatukuwa na shule ya kwenda, basi tulisomea katika chumba cha ghorofani, kwa Mkenya mwenzetu tuliyemwita Mwalimu tu. Chini yetu jirani alikaanga samaki tangu asubuhi, kwa hiyo hesabu zangu zote mpaka leo zinanukia mafuta. Mama alikuwa Riyadh, akifanya kazi za nyumbani na kulala kwa mwajiri. Sikumbuki akipewa likizo. Kila Ijumaa alitutumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya shangazi, na nyuma ya sauti yake daima kulinguruma mashine ya kufulia. Shangazi alisema madam hapendi simu, ndiyo maana mama hujificha huko. Niliuzoea ule mngurumo hadi nikaupenda.

Siku moja Mwalimu alileta spika ya redio mbovu, koili ya waya na kapasita. Alisema sauti nayo huchujwa, kama chai. Koili hupitisha nzito na kuzuia nyembamba. Kapasita hufanya kinyume.

"Yalla, nani ana sauti yenye zote mbili?"

Nikanyoosha mkono mbio. Nilikuwa na simu ya shangazi, na mama yangu ndani yake. Niliringa, sikufichi.

Mwalimu akaiunga simu na spika kupitia koili, mama akawa mvumo tu, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Tulicheka sana. Kisha Mwalimu akaweka kapasita. Mashine ikanyamaza kabisa, na mama akabaki peke yake, mwembamba, kila neno wazi: "Nakula vizuri, mwanangu. Madam ni mtu mzuri. Wewe soma." Na katikati ya maneno tukasikia kitu ambacho mashine ilikuwa ikikifunika kila Ijumaa. Alikuwa akivuta kamasi, akikata pumzi, akianza tena.

"Mama yako ana mafua?" akauliza mwanafunzi mwenzangu.

Mwalimu alichomoa waya. "Eh, ana mafua. Halas, basi, nendeni nyumbani."

Nilipomweleza shangazi, alinigeuzia mgongo, akaendelea kukata vitunguu. "Mzazi halii machoni pa mwanawe," akasema. Hapo nikajua kwamba alijua.

Mama alifia huko huko Riyadh. Kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, alipiga simu, akaongea kwa muda mfupi. Simu ya shangazi nayo ikaja kufa na jumbe zote, Mwalimu akarudishwa nyumbani, na sasa hata chumba hakipo.

Pale kwenye kokoto nilijaribu kumkumbuka mama akiongea. Maneno yamenitoka, rafiki yangu. Umebaki ule mvumo wa koili, unaopanda na kushuka nyuma ya ukuta, ule tuliouchekea. Leo nisingeomba anidanganye kwamba anakula vizuri. Ningeomba nimsikie akilia.