Habari kwa Tumbo Tupu

Mhadhiri wetu alitutaka kila mmoja alete darasani kisa kimoja kutoka wodini, akieleze, kisha wenzake waamue kama muuguzi alitimiza wajibu wake wa kisheria na wa kimaadili. Nilipeleka changu. Wenzangu hawakuchukua muda: muuguzi alitenda sawasawa. Mhadhiri akaafiki, tukaendelea na kisa cha mwingine. Tangu siku hiyo sijatulia. Chumbani kwangu hapa Chilinde, mtaa wa Lilongwe, nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga tena kwa sababu ya kelele za soko. Sidai kwamba hukumu yao ina kosa. Kinachonisumbua ni wepesi wake.

Basi nikieleze upya, kwa utaratibu ambao darasani sikupata nafasi ya kuufuata.

Nililelewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Wazazi wangu walifika pale kutoka Bukavu, Kongo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa msichana mdogo. Jirani nasi waliishi dada wawili, nao pia wa Bukavu. Mkubwa tuliimba naye kwaya. Mdogo alikuwa mshonaji, na ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya uuguzi. Alinipima mabega, akacheka, akasema ataipanua kidogo, maana muuguzi mwembamba hutia wagonjwa hofu. Mume wake alibaki Kongo na habari zake zilikoma kufika. Kwa hiyo mambo yake makubwa yaliamuliwa na shemeji yake, mume wa dada mkubwa, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole isiyopingika.

Miaka michache baadaye nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Lilongwe ambayo sitaitaja. Mshonaji aliletwa huko akiwa anatokwa na damu isiyokoma. Vipimo vilionyesha saratani ya mlango wa kizazi, na daktari wa upasuaji, ambaye hakuwa akija hospitalini kwetu mara kwa mara, alipanga kuondoa kizazi chote. Daktari hakujua Kiswahili, na mgonjwa alijua Kichewa cha sokoni tu. Nikapewa kazi ya kuwa ulimi kati yao.

Kabla sijaifanya, shemeji aliniita kando, penye kibanda ambamo jamaa wa wagonjwa hulala na kupika. Alinishukuru kwanza kwa mambo mengi, mengine sikuyafanya. Kisha akaniomba nimwambie mgonjwa kwamba ni uvimbe mdogo, utatolewa, basi. Neno saratani lisitajwe. Kizazi kisitajwe. Bado alikuwa akitumaini kuzaa siku moja. Akijua, atakata tamaa, na mwenye kukata tamaa haponi.

Nilimweleza nilivyofundishwa. Mwili ni wa mgonjwa, na hawezi kukubali kwa hiari jambo alilofichwa. Mkalimani anayepunguza maneno anadanganya pande mbili kwa pamoja. Saini itakayopatikana hivyo haitakuwa na uzito mbele ya sheria. Nilimwambia pia, nikiona aibu kulitaja, kwamba mimi ni mkimbizi mwenye leseni, na leseni ya mkimbizi hupotea upesi kuliko ya mwenyeji. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha dada mkubwa, aliyekuwa akichambua usipa pembeni, samaki wadogo ambao sisi twawaita sambaza, jina la samaki wa ziwa la kwetu, kwa kuwaonea huruma tu, akasema kwamba kama ni lazima aambiwe, basi watamwambia wao. Si daktari, si kwa haraka. Watamwambia kwa desturi yao.

Nilikubali. Niliona nimepata suluhisho la heshima: familia itasema, mgonjwa atajua, kisha atatia saini mbele ya daktari asubuhi ya upasuaji, nami nitamuuliza kwanza ameelewa nini. Niliwaeleza pia, kama tunavyowaeleza wote, kwamba usiku wa kuamkia upasuaji asile chochote mpaka atoke. Nikawataka wayarudie. Waliyarudia yote mawili, vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wenzangu wa chuo.

Asubuhi hiyo nilimkuta mgonjwa amekaa kitandani, macho yamevimba, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Dada yake alikuwa akimkunjia kitenge. Nikauliza kwa sauti ya chini kama wamemwambia.

"Tulimuambia," alisema dada mkubwa, na nikaona kwamba ameridhika na kazi yake. "Alilia, lakini muzuri. Alikuwa amesha shiba."

Niliuliza tena, nikitumaini anasema juu ya jana. Hapana. Dada mkubwa alikuwa ameamka kabla ya jua, akawasha moto kibandani, akapika fufu na sombe, majani ya muhogo, na wale sambaza wa uongo, wakamlisha mgonjwa mpaka akasema imetosha, ndipo shemeji akasema neno. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo nililijua tangu utoto. Simu ilipofika Dzaleka kutoka nyumbani kwamba babu yangu amefariki, majirani walikuja, wakamketisha mama, wakampa sahani ya wali na kumbembeleza ale. Alikula huku akijua kwamba watu hawaji bure na wali. Kwetu habari nzito haipewi mwenye njaa, maana baada yake hataweza kula, na huzuni ikikuta tumbo tupu humla mwenyewe. Nilikuwa nayajua hayo. Nilikuwa pia nazijua kanuni za dawa ya usingizi. Nilizibeba elimu hizo mbili kichwani, kila moja katika chumba chake, na sikuwahi kufungua mlango ulio kati yao.

Nikasema, nadhani kwa ukali, kwamba si niliwaambia asile.

"Ulisema asikule," alijibu dada mkubwa, bila hasira. "Tena ulisema tumuambie. Ile mbili haitembee pamoja, mutoto yetu. Tulichagua moja."

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshaanza kusikika kwenye ujia. Nikawaeleza upesi: mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi akiwa ameshiba, chakula chaweza kupanda na kuingia mapafuni, akafia mezani. Shemeji akasema Mungu atalinda. Akasema kwamba daktari huyu akiondoka leo, hakuna ajuaye atarudi lini, na ugonjwa haungoji. Hilo lilikuwa kweli. Kisha akaniomba ninyamaze tu. Hakuna mwingine aliyeona.

Nikamgeukia mgonjwa, kwa sababu mwili ulikuwa wake. Darasani kipengele hiki kilipita kama kivuli, lakini mimi ndicho kinachonirudisha dirishani. Alinishika mkono wa sare, akasema:

"Usiseme. Leo moyo yangu iko tayari. Kesho sijue kama itakuwa."

Alikuwa anajua hatari. Nilikuwa nimeitamka mbele yake sekunde chache tu kabla. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, ameelezwa, ameamua. Je, huo si ndio uhuru wa mgonjwa niliomhubiria shemeji yake? Kwa kizazi nilisema uamuzi ni wake; kwa chakula nikasema uamuzi si wake. Najua jibu. Mtaalamu wa usingizi hawezi kumlaza mtu kwa usalama akiwa amefichwa alichokula, na siri inayoweza kuua chini ya mikono ya mwingine si ya mgonjwa peke yake. Ni jibu sahihi. Nimelipima kila upande na sijaona ufa. Hata hivyo, nilipotoa mkono wake kwenye sare yangu, nilitumia nguvu kidogo.

Nilisema. Upasuaji ukaahirishwa. Daktari hakunikaripia, aliuliza tu, akivua glavu, kama sikuwaeleza kwa lugha yao wenyewe. Nikajibu kwamba niliwaeleza.

Daktari aliporudi, majuma yalikuwa yamepita. Safari hii mshonaji alikuwa ameshaambiwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlisha; alilala na njaa bila kunung'unika. Kabla ya kutia saini alinitaka nimfikishie daktari ombi, neno kwa neno.

"Akikuta imeenea, asiambie shemeji. Aniambie mimi. Lakini nikule kwanza."

Nilitafsiri yote, pamoja na sentensi ya mwisho. Daktari alitabasamu akidhani ni mzaha.

Ilikuwa imeenea. Kama ilienea katika majuma yale au kabla yake, sijui. Nilimuuliza daktari, akasema hakuna awezaye kujua, na kwamba kama ningenyamaza siku ile, huenda mgonjwa asingetoka mezani akiwa hai. Huenda. Neno hilo nimeligeuza mara nyingi kuliko andiko lolote la maadili nililowahi kusoma.

Siku daktari alipokuja wodini kumweleza, mgonjwa alikuwa ameruhusiwa uji tu, na dada yake alikuwa ameondoka kwa kabaza, baiskeli ya abiria, kwenda kutafuta sabuni. Nilimwomba daktari angoje kidogo. Hakuna kifungu ninachokijua kinachompa muuguzi haki ya kumzuia daktari mlangoni kwa ajili ya bakuli la uji. Alitazama saa yake, akangoja. Nilikwenda kibandani, nikachota katika sufuria ya dada yake, nikalipeleka bakuli mwenyewe.

Mimi ninayefikiri kupita kiasi sikuwa nimefikiri kwamba uji wenyewe ungekuwa habari. Alilitazama bakuli, akaitazama mikono yangu, kisha mlango aliposimama daktari.

"Leo ni wewe njo unaniletea," alisema.

Nilimpa kijiko. Alivuta bakuli karibu, akala. Alikula wote, polepole, mpaka kijiko kikakwaruza chini. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akanirudishia bakuli, na kuniambia nimwite aingie.